Karibu ya Mama Mwanaheri

Mwanaheri, jirani yangu hapa juu kidogo ya Lushoto mjini, ana jiko la udongo nyuma ya nyumba yake. Alikuwa nalo, niseme. Walilijenga yeye na marehemu mumewe, na humo ndimo alimowapikia uji watoto wake wote kabla hawajakwenda shule.

Jafari aliponunua kiwanja cha juu yake ili ajenge nyumba ya wageni, alikuja kwa adabu zote. Akaamkia, akakaa, akasema, "Mama, naomba nipitishe mawe yangu hapo nyuma."

"Karibu, mwanangu," Mwanaheri akamjibu.

Sasa niambie, angejibu nini? Huku milimani njia zetu hupita uani kwa watu. Ukimkatalia mtu kupita, umemtukana yeye na ukoo wake. Mwanaheri alidhani mawe yatapita kwa toroli siku chache, basi. Kumbe mwenzake alishachorewa ramani, na katika ramani hiyo barabara ya gari ilipita juu ya jiko la mjane wa watu. Kibali cha ujenzi kikatoka bila mtu kuja kumuuliza.

Alipokwenda kulalamika kwenye baraza la ardhi, wakili wa Jafari alimuuliza swali moja tu, tena akitabasamu.

"Mama, ulimwambia karibu au hukumwambia?"

"Nilimwambia. Lakini karibu ya kupita, si karibu ya..."

"Inatosha, mama."

Inatosha, eti. Mtu mzima, mzaliwa wa nchi hii hii, anayekaribishwa kila mlango anaobisha hodi, anajifanya hajui karibu ni nini. Nilitamani kumzaba kofi. Baraza likaamua kwamba Mwanaheri aliridhia kwa hiari yake, na jiko libomolewe.

Siku ya kubomoa Jafari alikuja mwenyewe, ametangulia mbele ya mafundi. Mwanaheri alikuwa ameshatoa vyungu na kuni, ameketi kwenye kigoda. Majirani tulijaa uani.

"Shikamoo, mama," Jafari akasema, ameinamisha kichwa.

Sijapata kumwona Mwanaheri akiacha kuitikia shikamoo, hata ya mlevi. Tukangoja. Jafari akarudia, sauti imepungua. Mwanaheri akamtazama usoni, midomo ameifumba, mpaka mafundi wenyewe wakashusha nyundo na kutazama chini.

Jiko lilibomolewa, barabara ikapita. Jafari anakaa huko juu sasa, na kila asubuhi akishuka humwamkia kwa sauti ili sote tusikie. Marahaba yake bado hajaipata.