Siku Mama Alipokataa Kusaini

Wanawake wa kikundi cha mama, kule Mwese, walikuwa na vidole gumba vigumu kuliko vya mafundi viatu. Ni kazi ya kupukuchua mahindi kwa mkono. Mavuno yakiisha walikaa uani wiki nzima, gunzi baada ya gunzi, na waliochoka walitia mahindi kwenye gunia wakayapiga kwa fimbo. Punje zikapasuka, mnunuzi akaja akashusha bei. Walikuwa kumi na wanne. Mwaka ule wakaamua wanunue mashine.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu Kashaulili, karibu na soko, na katika watoto wa mama ni mimi peke yangu niliyeshuka kuishi mjini Mpanda. Mama ndiye mwenyekiti wa kikundi. Aliishia darasa la tatu, na mpaka leo akisoma anafuata maneno kwa kidole. Walinichagua mimi nifanye manunuzi kwa sababu nina simu kubwa, na kwa sababu nilishawahi kuagiza zipu na vitambaa kutoka Dar es Salaam kwa mtandao, vikafika.

Nilipanda Mwese kwa pikipiki kuwaeleza. Mvua ilikuwa imekata barabara sehemu mbili, nikafika nina matope mpaka magotini, lakini nilikuwa na furaha ya mtu aliyebeba habari njema. Nikawaonyesha picha ya mashine: ngoma yake nyekundu, na pembeni injini ya petroli. Kisha nikawasomea maneno ya programu ya malipo niliyokuwa naitumia, kwa sauti, kama msomaji wa kanisani: "Ulinzi wa mnunuzi. Pesa yako haimfikii muuzaji mpaka uthibitishe kwamba umepokea mzigo."

Mwanamke mmoja muuza maharage, mtu asiyependa maneno mengi, aliuliza, "Kwa nini tusinunue kitu tunachokiona?"

"Hiki ni kama unakiona," nikamjibu. "Hela inakaa katikati. Muuzaji akidanganya, inarudi."

Mama aliniangalia, akawaangalia wenzake. "Tumempa kazi, tumwache aifanye," akasema.

Shida ya kwanza ilikuja siku ile ile ya kulipa. Kikundi kilinitumia bei kamili ya mashine, lakini kuitoa hela kule kulikuwa na makato, kuiingiza kwenye programu kukawa na makato, na nilipobonyeza kulipa ikatokea ada ya huduma, na chini yake, kwa maandishi madogo, ada ya ulinzi wa mnunuzi. Ikapungua. Nikampigia mama.

"Bei imepanda?" akauliza.

"Haijapanda. Ni makato."

"Ya nani?"

Nikamtajia mmoja mmoja. Mama akawahesabu. "Kwa hiyo kila anayeishika hela yetu anairamba kwanza ndiyo anaipitisha," akasema. Alitafuta kilichopungua, akakituma, na hicho nacho kikakatwa.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye sauti ya heshima. Jumatatu iliyofuata alinipigia nikiwa nampima mteja sketi, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. "Dada yangu, mzigo nimeshaupakia kwenye basi, risiti nimekutumia. Sasa naomba unithibitishie kwenye mfumo, maana usipothibitisha wananifungia akaunti, nami nina wateja wengine. Mzigo uko njiani, wala usiwe na wasiwasi."

Risiti kweli ilikuwepo. Ilikuwa na jina la basi, uzito, na jina langu. Mteja wangu alikuwa amesimama mikono juu akinisubiri. Nikatoa pini mdomoni, nikafungua programu, nikabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa *Nimepokea*. Kilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo. Kisha nikaendelea kupima kiuno.

Sikumwambia mtu. Sikuona kama kuna jambo la kumwambia mtu.

Mzigo ulifika Alhamisi. Mama alishuka kwa pikipiki kuja kuupokea mwenyewe, amevaa kitenge kipya na kiremba, kama anakwenda kwenye harusi. Tukaenda pamoja ofisi ya vifurushi pale stendi. Karani alituletea sanduku la mbao lililofungwa kamba, akasogeza daftari na kalamu.

"Saini hapa, mama."

"Fungua kwanza nione," mama akasema.

"Mama, utaratibu ni kusaini kwanza. Ukishasaini ni mali yako, fungua unavyotaka."

"Nikishasaini nimesema nimepokea mashine. Mimi sijaona mashine. Nimeona sanduku."

Nyuma yetu watu watano walikuwa wanasubiri mizigo yao. Niliona aibu. Nikamvuta mama kwa pindo la kitenge, nikamnong'oneza, "Mama, saini tu, watu wanasubiri." Alikalia benchi, akaweka mkoba mapajani, akamwambia karani, "Wahudumie hawa kwanza, baba. Mimi sina haraka."

Karani aliwahudumia wote. Walipokwisha, mama alikuwa bado amekaa. Yule karani alipumua, akachukua bisibisi, akang'oa ubao wa juu.

Ndani kulikuwa na ngoma nyekundu, kama ile ya kwenye picha, ila ndogo. Injini haikuwepo. Mahali pa injini palikuwa na mpini wa chuma wa kuzungusha kwa mkono. Mama aliushika, akauzungusha mara mbili, ukalia kama lango bovu. Akamgeukia karani.

"Umeona nawe?"

"Nimeona, mama."

"Basi sisaini. Andika kwenye daftari lako kwamba mwenye mzigo ameukataa, uandike na leo ni siku gani."

Karani akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikifikiria kitufe cha kijani.

Nilimpigia muuzaji, simu iliita mara moja ikakatwa, na baada ya hapo haikupatikana tena. Nikafungua malalamiko kwenye programu. Jibu lilikuja upesi, na ungejua tu kwamba halikuandikwa na mtu: *Mteja wetu mpendwa, ombi lako limefungwa kwa kuwa ulithibitisha kupokea mzigo.* Nikaandika tena, nikaeleza kwa urefu. Likaja lile lile, neno kwa neno. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki mpaka salio likaisha. Nikaongeza salio, nikausikiliza tena.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja kibandani kwangu, ananiangalia. "Wanasemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Ndiyo nilichokuwa nakipanga tangu stendi: nishone usiku na mchana, nilipe mashine nyingine, kikundi kisijue. Lakini mama ana namna ya kungoja jibu ambayo inakumaliza nguvu ya uongo. Nikamwambia. Nikamweleza kuhusu kijana wa heshima, sketi na kitufe.

Hakugomba. Aliangalia nje kwa muda, bajaji mbili zikapita. Kisha akaniuliza, "Ulibonyeza siku gani?"

"Jumatatu."

"Na mzigo umefika lini?"

"Leo, Alhamisi."

"Piga tena," akasema. "Safari hii niongee mimi."

Safari hii muziki ulikatika, na kijana mmoja akapokea. Nikaweka simu kwenye spika, juu ya meza ya cherehani.

"Shikamoo mama," alisema alipoisikia sauti ya mama.

"Marahaba baba. Hujambo? Nataka kuuliza. Nyie ndiyo mnaofanya ulinzi wa mnunuzi?"

"Ndiyo mama, tuna hiyo huduma."

"Na mlitukata hela ya hiyo huduma?"

"Kuna ada ndogo, ndiyo."

"Ndogo au kubwa, tuliilipa. Sasa mlinzi tuliyemlipa alikuwa wapi?"

Kijana akaanza kueleza masharti, kwamba mteja akishathibitisha, mfumo unaachia malipo. Mama alimwacha amalize. Hakumkatiza hata mara moja.

"Nimekuelewa, baba. Mtoto wangu alibonyeza, ni kweli, na amekosea. Lakini alibonyeza Jumatatu. Daftari la ofisi ya basi linasema mzigo umefika Alhamisi, na pa kusaini hakuna saini. Nieleze wewe uliyesoma: mtu anapokeaje Jumatatu kitu kilichofika Alhamisi? Huo mfumo wenu haukuona kwamba mzigo ulikuwa bado uko barabarani?"

Nikasikia anabonyezabonyeza vitu kwenye kompyuta yake.

"Subiri kidogo, mama."

"Nasubiri. Salio linaloliwa ni letu, lakini nasubiri."

Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayefikiri. Akasema kama tunaweza kupata picha ya ule ukurasa wa daftari, na mhuri wa ofisi, yeye mwenyewe atalifungua upya lile ombi na kulipeleka kwa wakubwa wake. Mama akamwomba jina, akaniambia niliandike. Nililiandika kwa chaki kwenye kitambaa cha suruali ya mtu.

Tulirudi stendi. Karani alikuwa na wasiwasi kutupa mhuri, akasema mpaka bosi wake. Mama akasema sawa, akakaa kwenye lile benchi. Bosi alikuja saa kumi. Mpaka muda huo karani na mama walishajuana, karani ameshamweleza habari za mtoto wake anayeota meno, na ni yeye aliyemshawishi bosi. Tukapata mhuri.

Ilichukua wiki tatu. Katikati ya hapo waliomba picha za mashine, waliomba risiti, waliomba picha zile zile kwa mara ya pili. Kila walipoomba niliwatumia siku hiyo hiyo. Walitaka pia turudishe mzigo kwa gharama yetu, mama akakataa kwa sentensi moja: "Aliyeutuma ndiye anayeijua njia." Hatimaye likaja jibu kwamba bei ya mashine imerudishwa, ila ada hazirejeshwi. Mama akapiga tena. Wakarudisha ada ya ulinzi. Yale makato mengine ya njiani hayakurudi, na hela ilipotoka ikakatwa tena.

Siku chache baadaye, mama akiwa amekuja kibandani kwangu, akapigiwa simu na dada mmoja wa kampuni ile, anauliza aliridhika kwa kiasi gani, kuanzia moja hadi tano. Mama akafikiri. "Andika tatu," akamwambia. "Mbili za yule kijana aliyenisikiliza, moja ya hela mliyorudisha."

"Na mbili zilizobaki, mama?"

"Mmezikata."

Nilicheka mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Yeye hakucheka, alikuwa anajibu swali.

Mkutano wa kikundi ulifanyika Mwese, mbele ya nyumba ya mama. Nilikuwa nimeandaa hela yangu kwenye bahasha ya kufidia kilichopungua, na nilitaka kuichanganya na ile nyingine kimyakimya. Mama aliiona bahasha asubuhi. "Hiyo rudisha kwenye mkoba," akasema. "Waone walichokatwa. Ukiwaficha leo, kesho watakatwa tena wakiwa hawajui."

Basi nikasimama mbele ya wanawake kumi na wanne, nikaeleza kila kitu, hata kitufe. Sikumtaja kijana wa heshima kama kisingizio. Nikasema tu kwamba nilibonyeza kabla ya kuona, na kwamba mama yangu ndiye aliyeokoa hela kwa kukataa kusaini kabla ya kuona.

Yule muuza maharage ndiye aliyeanza. "Ulibonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Na hukutuficha."

"Sikuwaficha."

"Basi umejifunza kwa gharama yetu," akasema. "Hatuwezi kukuachia ukawafanyie kazi watu wengine."

Wakapiga makofi. Wakapitisha hapo hapo kwamba niendelee kuwanunulia, kwa sharti kwamba kabla ya kubonyeza chochote nimpigie mama. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha uso anakunja kona ya kitenge, lakini nilimwona anatabasamu. Nimeshonea watu magauni ya harusi, nimesifiwa na mabibi harusi na mama zao. Sijawahi kujisikia kama nilivyojisikia siku ile, nimesimama kwenye vumbi nimetoka kukiri kosa, nikiwa binti wa yule mwanamke.

Mashine tulikuja kuichongesha kwa fundi wa kuchomelea hapa hapa Mpanda, mtu ambaye tunaijua nyumba yake na mkewe. Alichukua muda, na ilitugharimu zaidi kidogo ya ile ya kwenye picha. Siku ya kuichukua wanawake watatu walishuka na gunia la mahindi yao wenyewe, yakiwa bado kwenye magunzi. Hawakulipa sehemu iliyobaki mpaka gunia lote likapita. Injini ilizima mara ya kwanza. Fundi akarekebisha kabureta, ikakamata. Punje zikatoka nzima, magunzi yakaruka upande wa pili, na yule muuza maharage akachota punje kiganjani, akazipeleka kwenye mwanga, akazikagua moja moja mpaka fundi akaanza kucheka.

Iko Mwese sasa. Vijiji vya jirani vinaikodi. Juzi mama alinipigia kuniambia kikundi kingine cha huko juu kinataka kununua pampu ya maji kwa mtandao, na wameuliza kama sisi wawili tunaweza kwenda kuwaeleza. Nitafunga kibanda Jumamosi hii. Mama amesema atanisubiri njia panda, tupande wote.