Maji Ndani ya Baragumu

Andika, mjukuu wangu: baba yangu Mulondani na mama yangu Nabisage walizaliwa Fizi, nami pia. Alasiri moja huko, mwalimu wetu wa fanfari, bendi ya matarumbeta ya kanisa, alipuliza baragumu lake lililojikunja, likakoroma kama mgonjwa wa kifua. Lilinuka mawese, kwani ndiyo aliyopaka vitufe vyake.

“Kuna mutoto wa zambi hapa!” aling’aka, akanifukuza mimi, nami nikatubu hata nisiyoyatenda.

Juzi, kwenye kambi ya jeshi Mbarara, askari wa kike wa bendi alipindua baragumu kama lile, maji yakachuruzika, kisha likaimba safi.

“Mzee, hii ni mate tu,” alicheka.

Mate! Mpumbavu yule alinifukuza kwa mate yake mwenyewe. Wewe unayejifunza kupuliza hapa Juru, makazi yetu ya ukimbizi, tunza hili: mwaga mate yako kwanza, ndipo utafute dhambi za watoto.