Omena ya Mama Sokoni Ntimaru

Mwezi uliopita nilienda Muhuru Bay kumsalimu mama mdogo, dada pekee wa mama aliyebaki. Nilikuwa nimekaa miaka mingi bila kukanyaga huko. Kiburi tu, hakuna kingine.

Nilimpata uani akichambua omena, dagaa wa ziwani.

"Umezeeka kunishinda," akasema. "Huko Ntimaru hawakulishi?"

"Wananilisha. Nina wajukuu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja mjinga."

"Kujisifu huko ulitoa kwa mama yako."

Tukacheka, nikakaa nimsaidie kutoa mawe.

Mimi niliolewa kwa kutoroka. Kwetu, mama hakanyagi boma la mkwe kabla ng'ombe wa mahari hawajafika, na mume wangu alichelewa kuwapeleka. Desturi niliijua, lakini nilikasirika: tayari nilikuwa na watoto wawili, na nyanya yao hajawabeba. Nikasema, kama ananipenda atakuja.

"Alikuja," mama mdogo akaniambia. "Alipeleka omena mpaka soko lenu, mara tatu. Nani anabeba omena mbali hivyo na Migori iko hapa? Tulimcheka sana! Alirudi na gunia vile lilienda, kwa sababu alikaa mahali pa kukuona, si pa kuuza. Akasema, 'Hajaniona. Yule wa mgongoni amenenepa.'"

Vidole vyangu vilitafuta mawe ambayo hayakuwepo.

Nilimwona. Ile mara ya tatu. Alikuwa amejifunika leso mpaka kwa macho, lakini nani hamjui mama yake kwa vile anakaa? Nikanunua omena ya jirani yake. Nikachagua polepole, ndio aone vizuri nikimruka. Hakurudi tena. Ng'ombe walipofika kwao, yeye alikuwa ameshazikwa.

"Mama mdogo," nikasema, "mimi nilimwona."

Hakushtuka. Alimwaga omena safi kwenye karai, akafuta mikono kwa rinda.

"Miaka yote hii ulikuwa unangoja nikuulize?"

Akaniambia nisiseme hayo mbele ya wajukuu wake wa hapo. Hiyo hadithi wanaipenda, ndiyo wanamjulia mama yangu, nyanya yao.

Jioni tukila, wakamwomba awasimulie. Akasimulia yote, akaiga hata vile mama alijifunika leso. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali.

Nami nikacheka.