Kiingereza cha Nyuma ya Pazia

Mama mkwe wangu alipotua nyumbani kwangu Segese na furushi lake la nguo, nilijua kuna jambo zito. Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja. Wengi siku hizi wameshaachana na mambo hayo, lakini yeye hajaacha hata chembe, na mimi kwa kumheshimu nimemwamkia miaka kumi na moja huku nikiangalia ukuta. Leo anakuja kulala kwangu! Nikamfuata mke wangu jikoni kumwuliza kulikoni.

"Anataka umfundishe Kiingereza," akasema.

Nikacheka. Mwenzangu hakucheka, ikabidi nikae chini nisikilize.

Mdogo wake, kitindamimba wa mama, alikuwa mpishi kwenye kambi ya mgodi. Akaolewa na fundi mitambo mzungu aliyekuja kwa mkataba, mkataba ukaisha, wakahamia kwa mwanamume, huko kwenye theluji. Mwaka jana akaugua. Kila Jumapili alipiga simu, mama akimwuliza sauti imekuwaje anajibu, "Mafua tu, mama." Mafua, mafua, mpaka siku aliyopiga mume peke yake. Walimzika hukohuko. Sisi tulikaa matanga bila mwili, tukilia mbele ya picha. Sasa mume alikuwa anakuja kumwona mama, zimebaki wiki mbili, na mama alikuwa na swali moja la kumwuliza. Alitaka kujua kama mwanawe, alipokuwa anakata roho, alimwita.

Ni hilo tu. Aliniita, au hakuniita?

"Sasa si mimi nipo?" nikasema. "Nitatafsiri."

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia la chumba cha uani. "Mwambie mwalimu nimeshawaona wanaotafsiri. Kwenye mikutano ya mgodi mgeni anaongea mpaka chai inapoa, halafu mkalimani anasimama anasema, 'Anawashukuru.' Swali la mwanangu nitauliza kwa mdomo wangu."

Nilimsikia vizuri kabisa. Hata hivyo mke wangu akanigeukia, akanirudia neno kwa neno, maana ndivyo tulivyoongea siku zote, mimi na mama, kupitia kwake. Na ndivyo tulivyosoma. Kila jioni nikitoka shule nakaa kwenye kigoda sebuleni, nimeikabili runinga iliyozimwa. Mama yuko nyuma ya pazia. Mke wangu kakaa mlangoni na ungo wa mchele, anapeleka na kuleta.

Niseme ukweli, mimi si mwalimu wa Kiingereza. Nafundisha fizikia. Kwenye fizikia neno likishapewa maana yake, limepewa. Kazi ni kazi, nguvu ni nguvu, hakuna kubembelezana. Nilidhani Kiingereza nakijua kwa sababu nimekisomea na kukifundishia, nikajiaminisha kwamba swali moja ni la siku mbili, siku zinazobaki tutapumzika. Jamani, nilijidanganya mchana kweupe.

Siku ya kwanza nikampa: "Did she call me?" Maneno manne, mafupi, yanakaa mdomoni. Mama akayashika kwa siku tatu, anayasema akifagia, anayasema akichambua mboga, yakawa kama pumzi. Siku ya nne niko bafuni najimwagia maji, povu kichwani, nikashtuka. Mama wee! Huyu mzungu akiulizwa hivyo atajibu ndiyo, alikupigia simu kila Jumapili. Na ni kweli alipiga! Nikatoka mbio na taulo, nikapiga kelele tokea koridoni kwamba swali limebadilika.

Mama akajibu toka nyuma ya pazia: "Mwambie mwalimu aamue anachokijua."

Nikafungua kamusi. Ningejua nisingeifungua. Kile kineno "call" kilikuwa na safu mbili nzima, kupiga simu, kuita, kutaja jina, kupita kwa mtu kusalimia, kuahirisha, kuzuia. Nikakimbilia "ask", nikidhani huko kuna amani. Nikakuta "ask" ukikiweka peke yake mtu anaulizwa, ukikiongezea "for" mtu anatakiwa aje, ukikiongezea "after" anajuliwa hali tu. "After" si ni baadaye? Miaka yote nasahihisha mitihani ya watoto wa watu na sijui "after" inafanya nini pale!

Tukakubaliana na "Did she ask for me?" Hapo mama akaanza kunihoji mimi.

"Mwambie mwalimu, hiyo 'for' ni nini?"

Nikasema ni "kwa ajili ya". Mke wangu, kwa ushamba wake wa kupenda kusaidia, akasema dukani ameona bango la "for sale", je, ni kwa ajili ya kuuzwa? Nikasema ndiyo. Na "for two years"? Hapo ni kwa muda wa. Na ile "for" ya kwenye kanuni zangu za umeme? Hapo ni kuhusu, au badala ya, au... nikaifunga kamusi.

"Gete," akasema mama kwa Kisukuma, yaani kweli kabisa. "Kumbe hako kamekuwa kama mke mdogo. Kanatumwa kila mahali, hakana kazi yake."

Mke wangu alicheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika kwa sababu bibi ambaye hakumaliza hata darasa la nne alikuwa ameona kwa siku moja kitu nilichokipita maisha yangu yote nikijifanya nakielewa.

Tukaendelea, maana alitaka kujua na vineno vingine vya kumpokelea mgeni. Tukafika kwenye "up". Akaniuliza wazungu wanapanda wapi kila saa: wakiamka wanapanda, wakikata tamaa wanapanda, wakimnyamazisha mtoto wanapanda. Tukafika kwenye "off", na hii ndiyo iliyonimaliza. Swichi ndiyo chakula changu. "On" inawaka, "off" imezima, mwaka hadi mwaka naandika ubaoni. Mchana mmoja king'ora cha mgodi kikalia kabla ya baruti, na mwenzangu ofisini akasoma ujumbe kwenye simu yake kwamba ving'ora vya mgodi vimefanya "go off". Nikamwuliza, sasa vimelia au vimezimika? Vimelia, akasema. Na baruti je, ikilipuka? Nayo "go off". Na taa zikizimika? "Go off" hiyohiyo. Nilirudi darasani, nikashika chaki niandike "off" pembeni ya mchoro wa saketi, mkono ukagoma. Darasa zima likanitazama. Nikawaambia wafungue ukurasa wa mazoezi, nikakaa.

Nilianza kuwaza mambo ya ajabu. Nikiendesha pikipiki nawaza, kama haya madogo ndiyo yaliyobeba lugha yote, na mimi nimeshika yale makubwa tu, thermometer na acceleration, basi nimekuwa nikiongea nini miaka yote? Mke wangu akaniambia nimepungua. Kweli nilikuwa silali vizuri.

Lakini mama alishika. Siku mbili kabla ya mgeni kufika, aliuliza swali lake nyuma ya pazia pole kwa pole, na l na r zake za Kisukuma, na lilikuwa safi. Lilinichoma moyoni, maana mpaka hapo nilikuwa nimelichukulia kama zoezi.

Mgeni akaja kwa gari la kukodi kutoka Mwanza, mtu mrefu, mwembamba kuliko kwenye picha walizotutumia, kabeba mfuko wenye nguo za marehemu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni ya mlango wa uani, kajitanda kanga, uso kaugeuzia ukutani kama inavyopasa, maana huyu naye ni mkwe. Mgeni hakujua la ukwe wala ukuta. Alivuka sebule hatua tatu, akapiga magoti, akamkumbatia.

Yesu wangu! Nilifumba macho. Nilipofumbua, mama alikuwa amekaa wima kama mti, mikono mapajani, na yule bwana kamwegemea begani analia, "I'm sorry, I'm so sorry."

"Anaomba msamaha?" mama akamwuliza mke wangu kwa Kisukuma, na sauti ilikuwa imebadilika. "Amemfanya nini mwanangu?"

"Hapana, mayu," mke wangu akamwambia mama yake haraka. "Anakupa pole. Kwao pole na samahani wanatumia neno lilelile."

Mama akapumua. Mgeni akakaa palepale sakafuni. Chai ikaletwa, hakuna aliyeigusa. Ndipo mama akajikohoza, akageuza shingo, akamtazama yule mkwe machoni. Akauliza.

"Did she ask for me?"

Hakukosea hata herufi. Nilijisikia fahari, nakiri, fahari ya kijinga kabisa, kama siku ya matokeo ya kidato cha nne. Fahari hiyo haikudumu. Mgeni alimwangalia mama kwa mshangao, na kwa kuwa swali lilikuwa safi hivyo, aliamini anajua Kiingereza. Akajibu kama unavyomjibu mtu wa kwenu.

"No," akasema.

Kisha akaendelea. Aliongea kwa muda mrefu, maneno yake yote madogo, yanakimbizana, na machozi yanashuka. Nami nikiwa pale nikaelewa upumbavu wangu wote. Wiki mbili tulifundisha swali. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria jibu. Katika yote yale mama alishika moja tu, lile la kwanza, na nilimwona likimwingia. Midomo ilimlegea. Hakulia. Aliendelea kumtazama mgeni na kuitikia kwa kichwa kwa adabu, huku haelewi kitu.

Mke wangu alielewa. Alibana kanga mdomoni, akainuka, akakimbilia nje, tukamsikia analia karibu na tangi la maji.

Mgeni akamaliza. Mimi nikatazama mlango nikiomba mke wangu arudi. Hakurudi.

"Mwalimu," mama akasema.

Sikuwahi kusikia akiniita mimi mwenyewe. Nikageuka. Alikuwa ananitazama usoni, macho makavu, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba jicho la kushoto lina doa jeupe.

"Baada ya ile 'no' amesema nini?"

Niliteremka kwenye kigoda, nikakaa sakafuni. Hata Kiswahili kilikuwa kimenipotea. Nikamwambia hivyohivyo, vipandevipande. Kwamba hakukuita, mama. Kwamba mume wake alipochukua simu akupigie, yeye alimnyang'anya. Mara ya pili akaificha chini ya mto. Alimwapisha asikuambie. Alisema: mama yangu akijua atauza ng'ombe wote aje, na atakapofika mimi sipo, atarudi kwenye zizi tupu bila ng'ombe na bila mimi. Kwa hiyo mwambie mafua.

Mgeni alitutazama, mmoja baada ya mwingine, hajui tunasema nini.

"Ningeuza," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wote. Na ningechelewa, najua. Lakini angekufa mimi niko njiani."