Dafu la Bi Mwatum

Barnaba Makungu alikuwa fundi wa kanzu, na duka lake lilikuwa Mkunazini, si mbali na kanisa alikokuwa akisali. Wateja wake wengi walikuwa Waislamu. Hakuwa msemaji, na kitambaa kilichobaki alikirudisha hata kama ni cha kufutia kalamu. Kwa sababu watu wa dini zote walimwamini, mwaka wa hamsini na nne aliteuliwa kuwa mzee wa baraza kortini. Wazee hao walikuwa wawili, yeye na Muhiddin, muuza mbata za nazi. Kazi yao ilikuwa kumweleza hakimu Mzungu mila za mashamba. Mzee mmoja akiondolewa, hakimu alifuata kauli ya aliyebaki.

Mwaka wa pili ikaja kesi ya Bi Mwatum, mjane wa Tunguu. Marehemu mumewe, Mjaka, alipanda minazi katika ardhi ya mzee mmoja, baba wa Usi Jecha, kwa ruhusa ya mzee huyo. Kwa mila ya Unguja, ardhi ni ya mwenyewe na mti ni wa aliyeupanda. Mzee akafa, Mjaka naye akafa, na Usi akasema ruhusa haikuwapo hata siku moja, minazi ni yake. Bi Mwatum hakuwa na kitu kingine cha kumlisha.

Kabla ya kesi kusikilizwa, Usi alifika dukani.

"Fundi, mwanangu anaoa. Nataka kanzu za wanaume wote wa ukoo. Bei sema wewe."

"Kesi ikisha, bwana."

"Kesi na harusi wapi na wapi? Harusi haina hakimu."

"Ina mzee wa baraza."

Usi alicheka, akaokota kitambaa alichokuja nacho. "Basi shona sanda, fundi. Hizo hazina kesi."

Kila Jumamosi Barnaba alikuwa akiwafundisha watu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Aliwaambia mara nyingi juu ya agizo la Musa kwa waamuzi: wasipokee zawadi, maana humpofusha hata mwenye macho, wala wasipendelee uso wa mtu, awe tajiri au maskini. Hapo kwenye maskini alipapitia haraka. Maskini ana nini cha kumhonga mtu?

Siku ya kwenda kutazama shamba ilikuwa Alhamisi. Hakimu aliwaonya wazee wasipokee kitu kwa upande wowote. Jua lilikuwa kali. Bi Kazija, shangazi yake Usi mwenyewe, alisema mbele ya wote kwamba alimwona kaka yake akimwonyesha Mjaka pa kupanda. Barnaba aliridhika moyoni. Hakimu na karani walipokwenda kuangalia mpaka, wazee walibaki kwenye kibanda cha mjane, naye akatoka na madafu mawili yaliyokwisha kukatwa.

"Leo Alhamisi, bibi, nimefunga," akasema Muhiddin.

"Ahsante, Bi Mwatum, sina kiu," akasema Barnaba.

"Huna kiu, na shati limekurowa hivyo?" Kisha akashusha sauti. "Au na wewe ushaambiwa mimi mwanga, mwanangu? Kuwa Mjaka nimemla mimi? Tangu afe, hapana mtu aliyetia kinywani kitu changu."

Barnaba alilipokea dafu akalinywa lote. Machano, msimamizi wa Usi, alikuwa amesimama kwenye mihogo.

Siku ya hukumu, wazee walipotakiwa kutoa kauli, Usi aliinuka kwanza.

"Bwana hakimu, Mzee Barnaba kanywa dafu la minazi hii hii tunayoigombania. Kapewa na huyu mwanamke. Machano kaona."

"Mwongo!" Bi Mwatum alipiga kelele. "Hakunywa kitu! Wamenitangaza uchawi kijiji kizima, nani atakunywa kwangu?"

Hakimu akageuka. "Mzee Barnaba?"

Machano alikuwa mtu wa Usi. Neno lake peke yake lisingekuwa na uzito. Bi Mwatum alikuwa ameshakana. Barnaba hakutakiwa hata kusema uongo mrefu. Kutikisa kichwa tu kungetosha. Juzi yake alikuwa ameliona gari la ng'ombe la Usi mlangoni kwa Muhiddin, limefunikwa turubai, lakini hakuona limepakia nini, na asichokiona hakukisema.

"Nilikunywa," akasema.

Aliambiwa aondoke kitini. Hakimu akamuuliza Muhiddin kama naye alipokea kitu.

"Mimi nilikuwa nimefunga, bwana hakimu. Hata mate nilitema."

Watu wakacheka. Muhiddin akatoa kauli kwamba Bi Kazija ni mkongwe mwenye kusahau, na minazi ni ya mwenye ardhi. Hakimu akaandika hivyo. Akaongeza kwamba mjane amesema uongo mbele yake, na aliyeongopa kwa dafu ataongopa kwa shamba.

Nje, Bi Mwatum alikuwa amekaa kwenye ngazi, buibui limemteleza mabegani. Barnaba alisimama mbele yake.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

Hakuitika. Alisema tu, "Nilikusitiri mbele za watu, na wewe ukanivua."

"Nilikunywa, mama."

"Nnajua ulikunywa! Si mimi niliyekupa?"

Wiki ile ile Machano aliwaleta wakwezi, wakaangua nazi na madafu pamoja, na mjane yumo ndani anafunga vyombo vyake. Alikwenda Fumba kwa kaka yake, Hija. Barnaba alijiuzulu uzee wa baraza. Darasa la Jumamosi aliendelea nalo, na alipofika kwenye agizo lile aliwasomea, asilieleze.

Alikwenda Fumba mara moja kumtazama. Hija alimpokea uani, akaingia ndani kumwita dada yake, akakaa sana huko. Alipotoka alikuwa peke yake.

"Anasema amekusamehe," akasema Hija. "Lakini usije tena."