Kidole Gumba cha Mama

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mzee akishaweka kidole gumba kwenye hati ya uwakili hamalizi msimu wa mahindi. Habari hiyo niliipata kwa kinyozi pale Shianda: mtu mmoja wa Butali alitia kidole asubuhi, chai ya saa nne hakuinywa. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na mvi, mwenye cheti ukutani kikubwa kuliko dirisha, nililimeza hilo bila maji.

Kwa hiyo mwaka jana mama aliponiita, akasema miwa na akaunti ya benki viko kwa jina lake peke yake na kichwa kimeanza kumtoroka, twende kwa wakili nipewe mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba yake, nilikuwa na udhuru kama elfu moja hivi. Mvua. Harambee. Goti, ambalo siku hiyo liliuma kuliko magoti yote ya Kakamega. Dada yangu alinipigia kila Jumapili akiuliza kama nangoja mama asahau jina lake ndipo nivae viatu. Nikamjibu kwamba kwetu mtu haandikiwi hati akiwa hai. Akakata simu.

Mwaka huu miwa inakauka shambani. Kiwanda kinataka sahihi yake ndipo ikatwe. Benki inataka sahihi yake ndipo itoe pesa za dawa. Mama akipewa kalamu anaitazama kama mwiko wa jirani.

Juma lililopita nilimvisha gauni la kanisani, nikampeleka mjini kwa wakili, mwanamke mpole mwenye miwani. Nikamwambia tuko tayari, hata vidole vyote kumi.

Wakili akamsogelea mama, akamuuliza aliyemleta ni nani.

"Ni karani wa miwa," mama akasema. "Mpeni chai, ametoka mbali."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Kisha nikamshika wakili mkono, nikamsihi, nikamweleza mpaka habari ya yule mtu wa Butali. Yeye hakucheka.

"Karatasi haiui mtu, baba," alisema. "Ungemleta mwaka jana, akiwa bado anakujua, tungemaliza asubuhi moja. Sasa hawezi kukupa mamlaka, kwa sababu haelewi anachotoa. Itabidi uende mahakamani uombe kuwa msimamizi wake, na huko kunachukua muda."