Mama Chokaa na Msichana wa Makopo

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Mama Chokaa ilikuwa moja tu: kufuta maandishi ya ukutani. Vijana waandike, manispaa ilalamike, yeye apande ngazi na ndoo yake, apake rangi ya kijivu juu ya yote, matusi na majina ya wapenzi bila kubagua. Wiki haijaisha, ukuta umeandikwa tena. Aliizoea kazi hiyo kama mtu anavyozoea jino bovu.

Kisha ngazi ikateleza. Mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili, wakamfunga plasta hadi juu ya goti. Daktari alimwambia atakaa nyumbani miezi miwili. Siku tatu za kwanza alilala tu; akiamka, anageuza shavu na kulala tena.

Siku ya nne binti wa dada yake, fundi simu, akaja na gemu. Aliiunganisha kwenye runinga, akamwekea pedi ya kuchezea mikononi.

“Mama mdogo, ukilala hivi utaota kutu.”

Ndani ya gemu kuna msichana anayeteleza mjini juu ya ubao wa magurudumu, mgongoni kabeba makopo ya rangi ya kupuliza. Anaruka vizuizi, anaserereka juu ya vyuma vya ngazi, na kila penye ukuta mtupu anachora kabla askari hawajamfikia. Mama Chokaa alicheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Akasema huyo ndiye adui yake hasa, na sasa anatakiwa amsaidie kukimbia.

Alicheza vibaya sana. Msichana alijigonga kwenye nguzo, alitumbukia mferejini, alikamatwa hata pasipo na askari wa maana. Lakini vidole havikuvunjika, vikazoea. Kila asubuhi, chai ikishanywewa, anaketi, mguu juu ya kigoda, anateleza mpaka macho yamchoke.

Siku moja gemu ikamruhusu aandike ukutani neno lake mwenyewe. Alikaa na pedi muda mrefu. Mwisho aliandika jina alilopewa na bibi yake, ambalo tangu aolewe hakuna aliyemwita. Kesho yake alipowasha, jina lilikuwa bado lipo palepale. Machozi yakamtoka, wala hakujua ni ya nini.

Wiki ya saba msimamizi wake alikuja kumjulia hali. Alipoona kilichopo kwenye runinga, akatania kwamba kumbe wanaharibiwa kuta na mtu wao wenyewe. Kisha akaeleza kuwa kazi imerundikana, ukuta wa soko umejaa, na ngazi mpya imeshapatikana.

Mama Chokaa aliweka pedi chini.

“Ngazi sipandi tena, mkubwa. Mguu utapona. Mimi ndiye nimechoka.”

Msimamizi alipouliza sasa atafanya nini, akajibiwa kwamba mzee wa stoo anastaafu, na lazima awepo mtu wa kuchanganya rangi. Alimaliza chai yake, akaahidi kulifikisha ombi hilo kwa wakubwa.

Jibu lilichukua wiki tatu. Walikubali. Siku hizi Mama Chokaa anachanganya rangi ya kijivu akiwa ameketi, na kukiwa na baridi mguu unamkumbusha. Uchovu haujaisha, wa miaka hiyo yote hauondoki kwa kubadili kiti. Binti alipokuja kuchukua gemu yake, aliombwa aiache hadi Jumapili. Kuna paa moja mama yake mdogo bado hajaweza kuliruka.